Gwaride la utambuzi huharibikia kwenye maelezo ya kwanza

Ninyi mnaoingia upelelezi mtafundishwa gwaride, yaani shahidi kumtafuta mhalifu kati ya watu waliopangwa mstari, kama kazi ya uwanjani: panga watu, ita shahidi, jaza fomu. Mengi niliyoona yakitupwa mahakamani yalishakufa jaladani siku shahidi alipoandikisha maelezo.

Siku hiyo mbane kwa maswali. Taa ilikuwa ya aina gani, ilikaa wapi? Walikuwa umbali gani? Alimtazama mhalifu kwa muda gani? Aliwahi kumwona kabla? Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliyataja haya katika shauri la Waziri Amani mwaka 1980, na mawakili wa utetezi wameyakariri. “Kulikuwa na mwanga wa kutosha” ni maneno matupu. Andika kimo, rangi, kovu, mavazi, kabla hujakamata mtu. Shahidi ambaye hakueleza sura yoyote, gwaride lake litathibitisha nini? Na akikwambia mhalifu ni jirani yake, usihangaike kupanga gwaride. Atashindwaje kumtambua jirani?

Kanuni zenyewe ni za zamani, za shauri la Mwango la 1936: mtuhumiwa akae kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye, achague pa kusimama, na mpelelezi wa kesi asiendeshe gwaride. Hao wanane ndio hutufichua uvivu. Unakuta mtuhumiwa katoka mahabusu pekupeku, ndevu zimeota, suruali anaishikilia kwa mkono kwa kukosa mkanda. Kulia na kushoto kwake askari walionyoa asubuhi. Hapo hata mpita njia angemtambua. Balaa jingine la siku hizi ni picha ya mtuhumiwa kutumwa kwenye simu ya shahidi “ajiandae”. Gwaride limekwisha hapo.

Chunga mdomo pia. Usimwambie shahidi “njoo utuoneshe yule mtu”. Mwambie anayemtafuta huenda yupo, huenda hayupo. New Jersey, Marekani, mwaka 2001 ilielekeza msimamizi, inapowezekana, asiwe mpelelezi mkuu wa kesi, maana jicho na kikohozi navyo husema. Bora zaidi awe mtu asiyejua mtuhumiwa ni yupi. Sisi kituo kizima tunamjua mtuhumiwa, kwa hiyo mimi hupenda kuazima mkaguzi wa kituo jirani.

Shahidi akigusa mtu kuonesha ndiye, andika maneno yake vilevile kabla hujamwambia lolote. “Nadhani ni huyu” ya leo, mwakani kizimbani itakuwa “sina shaka hata kidogo”. Akigusa mwingine, nayo iandike, karatasi ibaki jaladani.