Kabla Hujaongeza Mafuta Kwenye Tangi la Stenitubu

Katika mambo yote ambayo vijana wa chumba cha injini huyafanya kwa nia njema, hili ndilo linaloniuma zaidi: mhandisi wa zamu anapita, anaona mafuta kwenye tangi la stenitubu yameshuka, anachukua kidumu, anajaza hadi kwenye alama, anafuta mikono na kwenda zake. Kwenye kitabu cha zamu haandiki kitu. Anayempokea anakuta tangi limejaa na moyo wake unatulia. Wakiendelea kujaza hivyo kwa wiki kadhaa, sili ya nyuma, yaani kizuizi cha kuzuia mafuta yasitoke na maji yasiingie, inakwisha na hakuna mtu melini anayeweza kusema uvujaji ulianza lini. Nimeikuta hali hiyo kwenye meli zaidi ya moja. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza kazi hii ni kwamba usiongeze hata lita moja kabla hujatafuta iliyopungua imekwenda wapi, na ukishaongeza, andika kiasi, saa, na meli ilikuwa katika hali gani.

Stenitubu ni lile bomba nene la tezini, yaani nyuma ya meli, ambamo shafti ya propela hupita na kuzunguka. Shafti haigusani na beringi ikiwa mambo yako sawa; inabebwa na utando mwembamba wa mafuta juu ya waiti metali, ile metali laini iliyotandazwa ndani ya beringi. Beringi ya nyuma ndiyo inayoelemewa, kwa kuwa propela inaning'inia ng'ambo yake tu, na kwa kawaida urefu wake hukaribia mara mbili ya kipenyo cha shafti. Mafuta yasitoke na bahari isiingie, kazi hiyo ni ya pete za raba zinazobana juu ya laini ya chuma cha kromu, yaani kile kikoa kinachovishwa juu ya shafti. Sili ya nyuma ya aina iliyozoeleka ina pete tatu: mbili zimeelekeza midomo baharini kuzuia maji, ya tatu imegeukia ndani kuzuia mafuta.

Sasa lile tangi. Limewekwa juu ili uzito wa mafuta uishinde kidogo presha ya bahari. Tuseme katikati ya shafti iko mita 6 chini ya usawa wa maji. Bahari inasukuma kwa takriban bari 0.6 (bari ni kipimo cha presha). Mafuta ni mepesi kuliko maji ya bahari, kwa hiyo ili kulingana tu na msukumo huo unahitaji nguzo ya mafuta ya karibu mita 6.8, na bado hujapata ziada. Meli nyingi hulenga ziada ya bari 0.2 hadi 0.3, yaani mita mbili tatu nyingine za mafuta. Ndiyo sababu meli ambayo kina chake, yaani kiasi inachozama majini, hubadilika sana huwa na matangi mawili, la juu kwa wakati wa shehena na la chini kwa wakati wa balasti, yaani meli ikiwa haina shehena bali maji ya kuiweka sawa. Meli ikishapakua na kuelea juu huku mkiacha tangi la juu likiwa wazi, mnabana midomo ya sili kwa presha isiyo na kazi. Raba inapata joto, inachimba mfereji kwenye laini, na mafuta yanaanza kutoka. Kubadilisha matangi ni suala la valvu mbili. Yabandikeni maagizo pale pale kwenye valvu, pamoja na kina cha meli ambacho mabadiliko yafanyike.

Si kila kushuka kwa kiwango ni uvujaji, na hapa ndipo wengi huogopa bure au hutulia bure. Mafuta hupanuka kwa joto. Mfumo wenye lita 1,000 ukipoa kwa nyuzi 20, kwa sababu meli imetoka maji ya joto kwenda ya baridi, utapungukiwa na takriban lita 14 bila tone moja kutoka. Ukijaza lita hizo, mtakaporudi kwenye joto tangi litapanda, na mwenzako atadhani maji yameingia. Kwa hiyo kiwango kisomwe pamoja na joto la maji ya bahari, joto la beringi, kina cha meli nyuma, na kama shafti inazunguka au imesimama. Namba hizo tano katika mstari mmoja, kila zamu. Baada ya safari chache unaanza kuifahamu meli yako, na siku inapokengeuka unaijua siku hiyo hiyo.

Kama kweli yamepungua, yana njia tatu za kupitia. Anza na sili ya mbele, kwa sababu iko ndani na unaiona: pangusa pakauke, weka chombo chini yake, rudi baada ya saa moja. Njia ya pili husahaulika sana. Mabomba ya stenitubu mara nyingi hupita ndani ya tangi la maji la tezini, na bomba lililoliwa na kutu humwaga mafuta humo kimya kimya. Kabla ya kutoa maji ya tangi hilo kwenda baharini, chukua sampuli ya juu ya maji na uiangalie. La sivyo utakuwa umemwaga mafuta baharini kwa pampu yako mwenyewe, na utaendelea kuilaumu sili. Zikishaondolewa hizo mbili ndipo unaigeukia sili ya nyuma. Huko nje adui mkubwa ni uzi wa nyavu na kamba za uvuvi. Unajisokota kwenye shafti, unapenya nyuma ya kinga ya kamba na kuikata midomo ya raba. Mzamiaji aagizwe mapema, meli ikiwa imetia nanga. Wakati mnamsubiri, shusheni presha kwa tangi la chini ikiwa kina cha meli kinaruhusu, lakini msiishushe chini ya presha ya bahari, maana hapo mtakuwa mmeyaalika maji.

Maji ndiyo ninayoyahofia kuliko kupungua kwa mafuta, kwani yakichanganyika utando unaobeba shafti hudhoofika na chuma kinaanza kutu. Kwa sampuli ya maabara, chukua shafti ikizunguka na mafuta yakiwa ya moto, kila mara kwenye koki ile ile, baada ya kumwaga kidogo cha kwanza. Kwa kutafuta maji yaliyotuama, fanya kinyume: acha meli itulie, fungua koki ya chini kabisa polepole, pokea kwenye chupa angavu na uimulike kwa tochi. Mafuta mazima hupitisha mwanga. Yaliyochanganyika na maji huwa na ukungu, na yakizidi hugeuka rangi ya maziwa. Ukitilia shaka, dondosha tone kwenye bati lililopashwa moto zaidi ya nyuzi 130, macho yakiwa na miwani ya kinga. Likitatarika, maji yamo, na usisubiri majibu ya maabara kuanza kuyatoa.

Joto la beringi ya nyuma nalo litazamwe mwendo wake, si namba peke yake. Alamu mara nyingi huwekwa karibu na nyuzi 60 au 65, lakini beringi iliyozoea 40 ikifika 48 bila bahari kubadilika imeshasema neno. Ikipanda kwa kasi, mwombe nahodha apunguze mwendo taratibu na aepuke kukata kona kali. Usikimbilie kuisimamisha shafti ikiwa bado ya moto, maana waiti metali inaweza kuishika. Hakikisha mafuta yanazunguka, na maji kwenye tangi la tezini yako ya kutosha, kwa kuwa ndiyo yanayoipoza stenitubu kwa nje.

Neno kuhusu mafuta rafiki kwa mazingira. Marekani imeyadai tangu Desemba 2013 kwa meli nyingi za biashara kwenye sehemu zote ambako mafuta hukutana na bahari, pasipokuwa na kikwazo cha kiufundi. Nayaunga mkono kwa moyo wote, bahari si jalala letu. Ila baadhi yake, hasa ya jamii ya esta, yakikutana na maji huvunjika na kuzaa asidi, na si kila raba huyavumilia. Pata idhini ya maandishi ya mtengenezaji wa sili kabla ya kubadilisha, usiyachanganye na ya zamani, na kwenye maabara omba kipimo cha asidi pamoja na cha maji.

Meli ikipanda chelezoni, simamia mwenyewe upimaji wa kiasi ambacho shafti imeshuka ndani ya beringi, ukilinganisha na kipimo cha chelezo kilichopita. Laini ikiwa na mfereji, omba pete ya kusogezea ili midomo mipya ya sili ikae mahali ambapo kromu haijaguswa. Halafu wakati wa kujaza mafuta, jazeni kutokea chini, polepole, tundu za hewa za juu zikiwa wazi, hadi yatoke bila povu. Izungusheni shafti kwa gia ya kuzungushia, mpumzike, mtoe hewa tena, na hapo ndipo muandike kiwango cha kwanza kitabuni.