Picha ya Ngalawa Haifundishi Neno "Tanga"

Msimu wa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha ya walimu wanafunzi, umefika tena, na kwenye korido za shule zetu hapa Mbeya zimeanza kupita karatasi za manila zilizoviringishwa. Ndani yake kuna ngalawa ya kupendeza, bahari ya buluu na jua linalozama. Walimu wapya wa Kiswahili, kuchora mnatushinda, hilo tunakubali. Shida inaanza manila ikishatundikwa.

Tuchukue riwaya ya watoto yenye mandhari ya pwani, maana hizo ndizo zinazowatesa watoto wa Uyole na Tukuyu: tanga, mlingoti, foromali, ndubi, nanga, kupwa. Hakuna hata kimoja cha kuonyesha dirishani. Huko nje ni ukungu na migomba.

1. Sura moja, maneno sita. Yakizidi sana, manane. Chagua neno ambalo bila hilo tukio halieleweki, au litakalorudi sura za mbele. Mengine yaeleze kwa mdomo, mpite.

2. Sasa kosa lenyewe, ambalo tumelifanya wote, wakiwemo hao wanaokaa benchi la nyuma kuwakagua. Mwalimu ananyoosha kidole kwenye manila: "Hili ni tanga." Darasa linaitikia, "Tangaaa!" Mara tatu. Mwalimu anaridhika, na kwenye tathmini ya andalio la somo anajaza kwamba wengi wameelewa. Kumbe kwa darasa la watoto 80, aliyekaa nyuma hakuona kidole kimegusa wapi. Ameona kitu kinaelea, amesikia neno, ameviunga: tanga ni mashua. Mwenzake anayependa ramani ameshafika mkoani Tanga. Jaribio la Ijumaa halifichui kitu, kwa sababu swali lina picha ileile na mshale umeelekea palepale. Aibu inakuja sura mbili mbele, tanga linapochanika katikati ya safari: darasa zima linashangaa mashua imechanikaje, kwani ni ya kitambaa? Na sisi, badala ya kuitazama upya manila yetu, tunakwenda ofisini kulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawasomi.

Picha nzima ina majina kumi kwa mpigo, na mtoto hana namna ya kujua wewe unataka lipi. Kwa hiyo usilete picha iliyokamilika. Ijenge ubaoni kwa chaki, mbele ya macho yao. Anza na gogo lililochongwa, basi. Uliza ni nini. Aliyewahi kufika Matema atakwambia mtumbwi, na yuko sahihi, maana mitumbwi ya Ziwa Nyasa ndivyo ilivyo. Ongeza ndubi mbili, yale maboya ya mti ya pembeni, moja kila ubavu: sasa imekuwa ngalawa. Papo hapo toa sababu, kwamba chombo ni chembamba na bila ndubi kingepinduka kirahisi upepo ukikaza. Simamisha mlingoti. Weka foromali, ule mti wa mshazari unaofungiwa tanga. Mwisho chora tanga lenyewe, la pembe tatu.

Halafu futa tanga peke yake. Hatua hii ndiyo mnayoiruka kila mwaka! Uliza: "Nimefuta nini? Ngalawa bado ipo?" Mtoto atakayejibu kwamba ipo ila upepo hauisukumi tena, huyo neno ameshalipata. Hapo ndipo mfungue kitabu na kusoma sentensi yenyewe. Zoezi lote ni dakika 15 kati ya zile 40 zako. Ukianza kupaka mawimbi rangi, kipindi kimekwisha.

3. Kupwa, yaani maji ya bahari kurudi nyuma, kunataka michoro miwili. Kushoto ngalawa inaelea na nanga iko chini ya maji. Kulia ngalawa ileile imekaa mchangani, nanga palepale. Mchoro mmoja wa pwani kavu utawafundisha neno "ufukwe". Na hapa Ziwa Nyasa liache kwanza: halina kujaa na kupwa kwa kila siku kama bahari, utawachanganya.

4. Kuna maneno hayachoriki. Uso wenye machozi haufundishi "simanzi", unafundisha "kulia". Funga kamba toka ukuta hadi ukuta, tafuta vibanio vya nguo, wape kadi: nong'ona, sema, paza sauti, foka. Wapange toka chini kwenda juu, na wakigombana usiingilie mapema. Mtoto anayetetea mahali pa kadi yake anataja neno hilo mara nyingi kuliko wimbo wako wa kuitikia. Vitenzi vya mwendo ni igizo bubu: nyata, chechemea, pepesuka. Mkichanganya nyata na nyemelea, kumbukeni paka. Anayenyemelea ana anachokiwinda.

5. Daftarini, kila neno lipate visanduku vinne: neno, mchoro, sentensi ya kitabuni, sentensi ya mtoto mwenyewe. Mchoro kwa penseli, dakika tatu. Msanii akamalizie nyumbani.

6. Kadi ziandikwe kwa herufi ndogo, kimo kama sentimita 5, makapeni nyeusi au ya buluu. Njano haisomeki nyuma, hasa Julai asubuhi ukungu umeziba madirisha na taa hazipo. Hela ya manila ikikosekana, ombeni maboksi ya sabuni kwenye maduka ya Mwanjelwa, myakate, mwandike upande wa ndani usio na maandishi. Karatasi inashika vizuri kwenye boksi kwa uji mzito wa unga wa ngano, ila panya wa stoo nao wanaupenda. Wekeni kadi kwenye ndoo yenye mfuniko, siyo juu ya kabati la ofisi.