Wajumbe wapya wa kamati ya msitu, anzieni nje ya mpaka

Tangu Sheria Namba 10 ya 1996 iruhusu shehia za Zanzibar, yaani maeneo madogo ya utawala, kuingia mkataba na serikali wa kusimamia msitu, kazi ya mwanzo ya kamati nyingi huwa moja: kupaka rangi mawe ya mpaka na kupanga zamu za doria. Si vibaya. Ila kwa niliyoyaona nikiwa mjumbe upande wa Ghuba ya Chwaka, mengi yanayouvunja msitu yako nje ya mawe hayo.

Mtazameni kima punju, yule kima mwekundu wa Unguja. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa 2004, ina kilomita za mraba 50 hivi, na kima hana habari nayo. Mara yumo msituni, mara kwenye mikoko, mara juu ya mti wa mkungu wa mtu anachuma majani machanga. Akishiba hushuka jikoni akaokota mkaa autafune. Wataalamu wanasema unampunguzia sumu ya majani hayo. Katikati ya safari zake kuna barabara ya lami, ndiyo maana yakawekwa matuta. Mkulima aliyeliwa mazao asipopata chochote, kima huyo hana mlinzi. Jozani sehemu ya ada ya watalii hurudi vijijini. Nanyi lidaini jambo hilo kabla hamjatia saini.

Kuni nazo. Ukifunga vichaka vya maweni, yaani vya ardhi ya mawe ya matumbawe, shoka halilali, linahamia kwa jirani. Kwetu eneo lilipofungwa, wa mwanzo kuja juu walikuwa shehia ya pili, na haki walikuwa nayo. Kaeni nao mkubaliane wapi pafungwe na wapi pabaki wazi, na kina mama wanaokwenda kuni wawemo kikaoni, si kuletewa taarifa.

Kwenye mikoko, msiseme tu “marufuku kukata”. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, ukikatwa huchipua tena. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi iliyosimama kama miguu ya kaa, ukikatwa shina ndiyo basi. Kanuni moja kwa miti yote miwili haifai.

Na upandaji miche, jamani! Watu wanapiga picha, miezi michache baadaye matope matupu. Kwanza angalieni bahari inaingia wapi na kutoka wapi. Kama tuta la barabara au la shamba la chumvi limeziba maji, zibueni mkondo. Mara nyingi mikoko itajiotea yenyewe.