Nimesoma jiolojia, mgodi siutaki: nitaishije?

Mdogo wangu uliyeuliza kutoka Bukavu, nimekuelewa: umemaliza jiolojia, baba mdogo anakusukuma uende Kolwezi kwenye kobalti, na moyo wako uko Virunga, kwenye hifadhi ya volkano na sokwe. Nakujibu mimi niliyebaki Goma.

Tuanze na pesa. Baba mdogo hakudanganyi. Mgodi unalipa, kazi ya umma mshahara wake huchelewa, na kuna miezi duka la mke wangu ndilo limetulisha. Niliosoma nao wamejenga Lubumbashi. Mimi bado ni mpangaji Katindo. Kama hilo litakunyima usingizi, nenda Kolwezi kwa amani.

Ukibaki, usidhani kazi ni kupanda Nyiragongo na kupiga picha ziwa la moto. Ndiyo, volkano ni lazima uijue. Lava yake ina madini ya silika kidogo, hivyo ni nyepesi na inakimbia: 1977 iliwakuta watu kabla hawajatoka, 2002 ilipita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu, na Mei 2021 ilifika Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Hayo kila mtoto wa Goma anayajua. Kinachoua hata volkano ikiwa imetulia ni mazuku, yaani mashimo na mabonde yanayojaa gesi ya kuua.

Kabonidioksidi hutoka kwenye nyufa, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hulala mabondeni, hasa usiku na alfajiri kabla jua na upepo havijaitawanya. Haina rangi wala harufu. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita, mbuzi akaanguka, na mtoto akainama kumwinua mbuzi. Kutoka Goma kwenda Sake mashimo hayo ni mengi. Nilitumwa kuyachora kwenye ramani na kuweka vibao. Kupima si shida: unashusha kifaa, unasoma namba. Shida ni mwenye kiwanja anayetaka kuuza. Kibao chenye fuvu kinamfukuzia wateja, basi ukirudi kesho yake hukikuti.

Mwishowe niliacha kuanza na gesi. Nilikaa na nyumbakumi na wazee, nikawauliza mbuzi wao walifia wapi. Wakanionyesha mashimo ambayo ramani yangu haikuwa nayo, na vibao vilivyowekwa kwa maneno yao vilidumu. Jambo hili linanikera mpaka leo: wakimbizi wa vita wanapotafutiwa uwanja wa mahema, uwanja uliobaki mtupu mara nyingi ni ule wenyeji walioukwepa kwa sababu. Hapo mwanajiolojia anatakiwa aseme kabla hema la kwanza halijasimamishwa, hata kama hakuna anayetaka kumsikia.

Na hifadhi? Watu huniuliza mawe na sokwe vinakutana wapi. Vinakutana kwenye maji na makala, yaani mkaa wa kupikia. Juu ya lava changa mvua yote inazama, mto hakuna, ndiyo maana unaona bidoni za maji ya ziwa zikipanda kwenye chukudu, baiskeli zetu za mbao za kusukuma. Vijiji vilivyo chini ya moshi wa volkano vinakinga mvua, na mvua ile ina floridi, ambayo ikizidi huharibu meno. Angalia meno ya watoto. Msitu wa hifadhi unakatwa kwa makala kwa sababu Goma lazima ipike. Ndiyo maana umeme wa maji wa Matebe, megawati 13, kwangu ni kazi ya hifadhi kama ilivyo doria ya walinzi. Kujua mwamba gani unashika maji na upi unayapoteza, hiyo ni elimu uliyonayo tayari.

Haroun Tazieff, mtaalamu wa volkano, alifanya kazi ya jiolojia Kongo enzi za Wabelgiji, akaliona ziwa la lava la Nyiragongo mwaka 1948. Wengi wanamkumbuka kwa filamu. Mimi namheshimu zaidi kwa kuwa alikubali kuingia serikalini Ufaransa, miaka ya 1984 hadi 1986, kushughulikia majanga, kazi ya mikutano na makaratasi isiyopigwa picha.

Basi omba staji, yaani mafunzo kazini, kabla ya kuomba kazi. Jifunze kuchora ramani kwa kompyuta, na ujizoeze kueleza tetemeko kwa Kiswahili cha soko la Virunga hapa Goma, maana siku ya hatari hakuna atakayesubiri ufungue projekta. Leta buti ngumu, lava inakula soli. Na baba mdogo mwambie mshahara ulivyo mapema, asije akausikia kwa wengine.