Jibu: Kwenda Sno*Drift na watoto

Mkuu, umeuliza kama mnaweza kutoka Detroit mkacheki Sno*Drift, yale mashindano ya rally ya magari kwenye theluji na barafu kule Michigan, na watoto mkarudi siku hiyohiyo. Inawezekana ila mi nakushauri mlale, maana kwenda tu ni kama masaa manne, mnapanda na barabara kuu ya I-75 mpaka Gaylord halafu mnashika M-32 kwenda mashariki mpaka Atlanta, na hakikisha ramani ya simu imeshika Atlanta ya Michigan sio ya Georgia! Hoteli tafuta Gaylord.

Barabara za steji (vile vipande ambavyo magari yanakimbizana na muda) zinafungwa mapema kabla gari la kwanza halijapita so ukichelewa ndo basi. Pale tairi za misumari haziruhusiwi kwahiyo magari yanateleza mno, msisimame kabisa upande wa nje wa kona, gari likishindwa kukata linakuja hukohuko, kaeni wanapowaelekeza mamarshali, yaani wale wasimamizi wa usalama. Watoto wavae buti zilizolegea kidogo na soksi za sufu, wangu alivaa za kubana, vidole vikafa ganzi akalia mpaka tukarudi kwenye gari. Simu weka mfuko wa ndani, baridi inakula chaji vibaya sana.

Halafu ule mlio wa injini unausikia msituni kabla hujaona taa, aisee, nendeni tu.