Safari ya uwindaji hupangwa kuanzia mwisho

Mwanangu Baraka,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kwamba ofisi imekukabidhi wageni wako wa kwanza. Unasema ni Wamarekani wawili wanaotaka kuwinda mwakani. Mmoja anataka nyati na chui kwa siku kumi, mwenzake anataka nyati, chui na simba kwa siku 21. Umeshaanza kutafuta ndege na hoteli ya Arusha, kisha ukasita ukaniuliza: "Mama, hasa naanzia wapi?"

Tiketi ziweke kando kwanza. Safari ya uwindaji wa kitalii hupangwa kuanzia mwisho kurudi nyuma, na mwisho wake si siku mgeni anapoondoka. Ni siku mkaguzi wa kwao anapofungua kasha la nyara, yaani ngozi, mafuvu na pembe, akasoma karatasi, akaliruhusu lipite. Wengi hupanga kambi nzuri na magari mazuri, mgeni anawinda na kufurahi, halafu ngozi inakaa bohari miaka au inataifishwa kwa sababu ya kibali ambacho hakuna aliyekiulizia mapema. Mnyama ameuawa bure. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata fedha za mgeni.

Kwa hiyo chukua kila mnyama na uulize anaingiaje Marekani. Nyati hayumo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini; huyo hana usumbufu mkubwa. Chui yumo Kiambatisho cha I, maana yake kibali cha kuingiza kinatoka kwanza kwao, ndipo sisi tutoe cha kusafirisha nje. Tanzania ina mgawo wa chui 500 kwa mwaka, na kila ngozi lazima ifungwe lakiri inayoonyesha nchi, namba yake ndani ya mgawo na mwaka. Simba yumo Kiambatisho cha II, lakini tangu Januari 2016 Marekani imemweka chini ya sheria yao ya viumbe walio hatarini, hivyo naye anahitaji kibali cha US Fish and Wildlife Service, idara yao ya wanyamapori. Maombi hayo huchukua miezi mingi na si lazima yakubaliwe. Wageni wako waombe sasa, kabla hawajalipa malipo ya awali, na kila mmoja athibitishe kwa maandishi kwamba ameelewa.

Ukimaliza hapo, njoo kwenye leseni na siku. Safari ya siku kumi ni ya nyati na wanyama wa kawaida. Simba ni wa siku 21. Chukua kanuni na jedwali la leseni la msimu huo huo kutoka TAWA, mamlaka yetu ya wanyamapori, usitumie nakala iliyobandikwa ukutani, kwa sababu viwango hubadilika. Yule wa siku kumi mwambie waziwazi kwamba safari yake ni ya nyati, na chui amwache kwa safari nyingine. Atanung'unika, lakini hiyo ndiyo heshima unayoweza kumpa.

Sababu si karatasi tu. Sheria yetu inakataza kuwinda usiku na kutumia taa. Chui kwa tabia yake hula giza likiingia, kwa hiyo lazima umzoeshe kuja kwenye chambo jua bado lipo, na jambo hilo halina haraka. Chambo tano au sita zinatundikwa kwenye miti tofauti, kila moja ikikaguliwa kila siku. Chui akianza kula mojawapo, ndipo maficho yanajengwa umbali wa mita 50 hadi 70, upande ambao upepo unatoka mtini kuja kwa mwindaji. Nyama inafungwa kwa waya juu kiasi cha simba na fisi kutofikia, kwenye tawi ambalo chui akisimama juu yake mwili wote unaonekana na anga iko nyuma yake. Tawi likiwa upande wa mashariki wa maficho, mwanga wa mwisho wa jioni unamwangukia mnyama badala ya kumpiga mwindaji machoni. Na lazima awe dume. Mwindaji bingwa anayemwongoza mgeni anahitaji muda wa kumtazama shingo, kichwa na korodani kabla ya kuruhusu risasi. Ukibana siku, unambana huyo bingwa aamue kwa haraka, na hapo ndipo majike yanapouawa.

Sasa jambo ambalo ofisi nyingi husahau: chambo nayo ni mnyama. Paja la pundamilia au swala pala mzima aliyetundikwa mtini ametoka kwenye mgawo wa kitalu, yaani eneo mnalowindia, ameandikwa kwenye leseni na analipiwa ada. Kabla hujathibitisha safari, omba mgawo wa kitalu wa mwaka huo kwa maandishi: simba wangapi, chui wangapi, nyati wangapi, na je, pundamilia, kongoni na swala pala watatosha chambo za mtu huyo na za wageni wengine watakaomtangulia? Simba mmoja wa kitalu akiahidiwa watu wawili, ugomvi wake hauishi.

Kuhusu simba, umri ni miaka sita kwenda juu. Pua husaidia: utafiti wa Serengeti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba madoa meusi yakizidi nusu ya pua, dume huyo amefika miaka mitano au zaidi. Lakini pua peke yake haitoshi, tazameni pia makovu, meno yaliyochakaa na rangi yake, na manyoya ya shingo ambayo hutofautiana sana kwa eneo. Baadaye wataalamu hukagua picha, fuvu na meno, na simba mdogo huleta adhabu kwa kampuni na kwa bingwa. Mgeni aelezwe tangu sasa kwamba anaweza kukaa siku zote 21, akamwona simba, na bado akaambiwa asipige. Asiyekubali hilo asiletwe.

Tarehe: msimu hufunguliwa Julai 1. Kwenye miombo ya mapori ya akiba ya Rungwa na Kizigo, Julai nyasi bado ni ndefu na unaweza kumkaribia nyati hatua thelathini usimwone. Mimi ningewaweka wageni hawa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Maji yamepungua, nyati wamekusanyika, nyayo zinasomeka vizuri. Ukivuka Novemba mvua zinaweza kukukuta, na udongo mweusi wa mbuga ukilowa hakuna gari linalotoka, hata lenye winchi. Angalia pia kipeperushi mnachowapa wageni. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa Nyerere, na Ugalla nayo ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Bado naona ramani za zamani zikisambazwa.

Bunduki sasa. Kwa nyati na simba kiwango cha chini ni bunduki ya kaliba .375. Kama mgeni anaizoea .375 H&H, mwache na hiyo; .458 anayoiogopa itamfanya afumbe macho akivuta. Kabla ya kuondoka kwao aandikishe bunduki kwa Fomu 4457 ya forodha yao, vinginevyo kuirudisha ni shida. Akutumie picha ya namba iliyochongwa kwenye bunduki yenyewe, si namba aliyoiandika kwa kumbukumbu. Tarakimu moja ikikosewa kwenye kibali cha muda cha silaha, bunduki inazuiliwa uwanjani na siku za kuwinda zinaendelea kuhesabiwa. Mashirika ya ndege huruhusu kilo 5 za risasi kwa abiria, na risasi 60 za .375 hazifiki hata kilo 3, kwa hiyo zinatosha: nusu za ncha laini, nusu ngumu. Njia ya ndege iwe na vituo vichache. Kila nchi wanayopitia inaweza kudai kibali chake cha silaha, na Amsterdam wanadai hata kwa anayepita tu. Usiwapitishe Nairobi na bunduki bila sababu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kibali cha kupitisha silaha kinakuongezea kazi.

Kabla hawajaja, waambie wafanye mazoezi ya kupiga wakiwa wamesimama, bunduki ikiegemea fimbo tatu zilizofungwa pamoja, kwa mita 50 hadi 80. Wengi hujizoesha mezani kwa mita 200 kisha wanafika porini wanatetemeka. Nyati dume anayefaa ni mzee ambaye pembe zake zimekomaa na kuwa ngumu katikati ya kichwa, bila nywele wala ulaini pale zinapokutana. Akiwa amesimama ubavu, fuata mguu wa mbele kupanda juu hadi theluthi ya mwili, hapo ndipo pa kupiga. Risasi ya kwanza laini, zinazofuata ngumu, na asiache kupiga mpaka bingwa amwambie acha. Kasoro ya kawaida ni mgeni kuinua kichwa kutazama alichofanya badala ya kupakia tena. Nyati aliyejeruhiwa akaingia kichakani huwaweka hatarini mfuata nyayo na askari wa wanyamapori wanaotangulia mbele, watu wenye watoto nyumbani. Tena mnyama aliyejeruhiwa akapotea huandikwa kwenye leseni na kulipiwa kama aliyeuawa. Liweke hilo kwenye mkataba kwa herufi za kusomeka. Ongeza na hili: mita 200 kutoka kwenye gari kabla ya kupiga. Mgeni mvivu wa kutembea atalalamika, bingwa mzuri hatamsikiliza.

Kambini usijisumbue sana na mvinyo na mashuka. Hakikisha simu ya setilaiti inafanya kazi, uwanja mdogo wa ndege umekaguliwa wiki hiyo, na bima ya kuhamishwa mgonjwa kwa ndege ya madaktari wa AMREF kutoka Nairobi imelipwa kwa kila mtu. Mizigo iwe kwenye mifuko laini, sanduku gumu haliingii vizuri kwenye ndege ndogo. Nguo za buluu na nyeusi zibaki nyumbani, mbung'o huzifuata rangi hizo.

Chumvi usiifanyie ubahili. Hesabu ya wachunaji ni kilo ya chumvi kwa kilo ya ngozi mbichi, na kwa wageni wawili wa aina hii ningepeleka magunia sita ya kilo 50, chumvi laini na siyo ya mawe. Nyati anayekusudiwa kutundikwa kichwa na mabega hachunwi kutokea mbele. Mkato wa kwanza unapita nyuma ya miguu ya mbele kuzunguka kiwiliwili, wa pili unapanda juu ya mgongo wa shingo hadi kati ya pembe. Masikio yanageuzwa ndani nje, midomo na kope zinapasuliwa, gegedu ya pua inaondolewa nyama, ndipo chumvi isuguliwe kila mkunjo. Baada ya siku moja inakung'utwa, inawekwa mpya, ngozi inakauka kivulini. Sehemu iliyokosa chumvi au iliyokaa juani na mafuta yake, manyoya hunyonyoka miezi mingi baadaye mikononi mwa fundi, na hapo hakuna dawa. Fuvu la simba lichemshwe taratibu, moto mkali hupasua meno, na meno hayo ndiyo yatakayoshuhudia umri.

Katika timu yenu watakuwapo Waislamu, na ni haki yao kula nyama iliyochinjwa. Lizungumzeni kabla ya siku ya kwanza na mwindaji bingwa akiwapo. Kisu kikipita juu ya koo la nyati wa kutundikwa, ngozi ya shingo imeharibika. Watengewe swala pala au kongoni wa kitoweo wachinje kama kawaida, na mgeni ajue kwamba huyo naye yumo kwenye leseni yake.

Tukirudi kwenye karatasi: kila mnyama aandikwe na askari papo hapo alipoanguka, wala si usiku kambini. Kila ngozi na pembe zifungwe kibati chenye jina la mgeni na namba ya leseni. Kisha fuateni hati ya umiliki wa nyara, kibali cha kusafirisha, CITES kwa chui na simba, na cheti cha daktari wa mifugo. Kasha likifika uwanjani, simama wewe mwenyewe uone ofisa anaandika idadi halisi na kugonga muhuri kwenye sehemu ya uthibitisho ya kibali cha CITES. Nafasi hiyo ikiachwa tupu, wakaguzi wa Marekani hushika mzigo wote, hata kama kila kitu kingine ni halali.

Kesho omba mgawo wa kitalu na picha za namba za bunduki. Ukishapata majibu ya wageni kuhusu vibali vya chui na simba, nitumie ratiba yako mpya niipitie kabla hujaipeleka kwa bosi wako.

Mama yako