Kioo cha fundi kiwe na urefu gani?

SWALI: Nina banda la ushonaji Mbuyuni, Moshi. Wateja wananiambia kioo changu hakiwaonyeshi miguu, hata wakirudi nyuma hadi mlangoni. Ninunue kirefu kama mtu?
Fundi cherehani, Moshi

JIBU: Usipoteze hela, fundi. Kujiona mwili mzima kunahitaji kioo cha nusu ya kimo cha mtu. Mwale wa mwanga ukigonga kioo hurudi kwa pembe ileile uliyoingilia, kwa hiyo ule unaotoka mguuni kwenda jichoni hugonga kioo katikati, nusu ya kimo cha jicho, mteja asimame karibu au mbali. Ndiyo maana kurudi nyuma hakujasaidia.

Chukua tepu. Mteja wa sentimita 180, macho yakiwa 168 kutoka sakafuni, anahitaji kioo kianzie 84 kiishie 174. Wa sentimita 150, macho 140, anahitaji 70 hadi 145. Kioo cha sentimita 120, ukingo wa chini ukiwa 60 juu ya sakafu, kitawatosha wote wawili. Ukishona na sare za watoto, chukua cha 135 ukianzishe 45.

Kisha kagua kwa timazi (uzi wenye kizito) kama kioo kimesimama wima. Kioo kilicholala nyuma digrii 5 tu hugeuza mwale digrii 10. Kwa mteja aliye umbali wa mita 2 hizo ni kama sentimita 35. Miguu inapotea, dari inaingia.

Unene nao uangalie. Kioo cha milimita 3 kikigandishwa kwenye ukuta wenye mabonde hupinda, mteja akajiona mnene (na atalaumu mshono wako). Nunua cha milimita 5, nyuma kiwe na plaiwudi. Taa imulike mteja, si kioo.

SWALI: Kwa nini usiku nikiwasha taa najiona kwenye dirisha la sebuleni, na mchana sijioni?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Dirisha halijabadilika. Saa zote huakisi takriban asilimia 8 ya mwanga unaolifikia kwa kulielekea moja kwa moja, yaani 4 kwa kila uso wa kioo. Mchana mwanga wa nje unaufunika huo kidogo. Usiku nje hakuna cha kuufunika. Ukitaka kumwona anayegonga geti, zima taa ya ndani. Ukiiacha ikiwaka, yeye ndiye anayekuona wewe.